Betri Iliyosubiri Nimalize Kusoma

Nianze kwa kukuambia mimi ni nani, ili ujue wa kumlaumu. Nafundisha fizikia sekondari, hapahapa Babati, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Betri nazijua. Nimezichora ubaoni mpaka mkono ukachoka, nimewaeleza watoto wa watu chaji inakotoka na inakokwenda, na nimewafelisha wengi walioniandikia mambo ya kubuni. Kwa hiyo nikikuambia kwamba betri yenye asilimia tatu ilikaa karibu saa nzima bila kushuka hata moja, usidhani nimesimuliwa sokoni. Laptop ilikuwa magotini mwangu, mama yangu amekaa pembeni yangu, na mama yangu yu hai. Kamuulize.

Laptop yenyewe ilikuwa ya baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitoka Mbulu kijana akapangiwa kazi kijijini Bonga, akanunua shamba, akakaa hukohuko mpaka kustaafu. Alipostaafu akajinunulia laptop ya mtumba, kubwa, nzito kama tofali. Tulimcheka. Mzee aliyeandika kwa chaki miaka yote, leo anabonyeza herufi moja halafu anaitafuta ya pili. Mwanzoni betri yake ilikaa dakika arobaini, baadaye ishirini, mwisho ikawa ukigeuka kuvaa miwani imeshazima. Alikuwa akiifunga kwenye kanga ya mama na kuipeleka mjini kwa fundi wake, anarudi jioni mchangamfu kuliko alivyoondoka. Fundi gani, hakuna aliyemuuliza. Sisi ni watu wa kutouliza, kama utakavyoona.

Baba alifariki muda mfupi kabla ya mvua za kwanza. Siku mbili kabla hajakata kauli alimwambia mama hivi: "Mwambie Mama Naomi nimemwandikia kwenye mashine. Asome kabla Yohane hajalima." Mama Naomi ndiyo mimi, Naomi ni binti yangu mkubwa. Yohane ni mdogo wangu. Mama alinifikishia maneno hayo usiku wa mazishi, tukiwa jikoni, na sote wawili tulijua yanahusu nini, ingawa hatukuwa tumelitaja jambo hilo kwa miaka ishirini na miwili.

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo hata mume wangu alilijua nusu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipata mimba nikiwa nyumbani, sijaolewa. Kwetu Wairaqw, kwa desturi ya zamani, binti wa namna hiyo halali ndani ya nyumba. Wazee waliamini anaambukiza mikosi, watoto wadogo wataugua, ng'ombe wataharibu mimba. Baba alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa, alisema hayo mambo yamepitwa na wakati. Lakini bibi yangu, mama yake, alikuwa hai bado na alikuwa na sauti. Baba akabisha siku tatu, siku ya nne nikajikuta nalala kwenye ghala la mahindi nyuma ya nyumba, juu ya magunia. Nilimpenda baba yangu, ila ile siku ya nne ilinikaa rohoni.

Mtoto alizaliwa humo ghalani na hakulia. Niligeukia ukutani. Nilisikia baba akiingia, nikasikia akivua koti lake, halafu akatoka. Kulikuwa hakujapambazuka bado. Aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo, akasimama mlangoni, mimi nikajifanya nimelala. Sikujua kama alikuwa wa kiume au wa kike. Sikujua amezikwa wapi. Sikuuliza, naye hakusema. Baada ya hapo tulizungumza mambo yote mimi na baba, mvua, bei ya mbaazi, mitihani, ndoa yangu, isipokuwa hilo.

Sasa Yohane alikuwa ameshika foleni ya trekta. Shamba letu ni ekari nne na zimezunguka nyumba. Alitaka safari hii alime lote mpaka kwenye mpaka wa minyaa, ang'oe na mawe ya msingi wa lile ghala, maana ghala lenyewe lilikwisha kubomolewa zamani. Wazee walimwomba angoje siku za msiba ziishe. Ziliisha Ijumaa, trekta likawa la Jumamosi asubuhi. Utaniuliza, kwa nini usimwambie mdogo wako asilime? Wakati ule Yohane alikuwa na miaka sita, hajui lolote. Ningeanzia wapi? Na hata ningeanza, ningemwambia trekta lisipite wapi, ikiwa mimi mwenyewe sijui? Mwanangu angeweza kuwa popote katika zile ekari nne. Nilikuwa nikiwaza jembe la trekta linavyogeuza udongo, nasukuma sahani pembeni.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ndani ya ile laptop, na laptop ilikuwa inakata roho. Ukichomeka chaja, taa haiwaki, umeme hauingii. Iliishi kwa kile kidogo kilichobaki kwenye betri tu. Jumatatu niliiwasha ikaonyesha asilimia tisa. Nikaliona faili palepale juu ya kioo, limeandikwa BARUA YA MAMA NAOMI, nikalibonyeza, kiduara kikazunguka, kikazunguka, giza. Jumanne nikajaribu tena kwa papara, giza. Jumatano ikaonyesha asilimia tatu na sikuthubutu hata kusubiri, nikaizima mwenyewe. Betri nayo ilikuwa imevimba hata mfuniko wa chini haufungi vizuri.

Alhamisi nikaamua kwenda mjini. Mama akaniambia siku hazijaisha. Mtu wa nyumba yenye msiba, kwa desturi yetu, hatembelei nyumba za watu, hakopeshani moto na jirani, hali wala hanywi kwa mtu mpaka siku ziishe. Nikamwambia, mama, mimi ni mwalimu. Hakubishana. Alinifungia laptop kwenye kanga kama alivyokuwa akimfungia baba, akasema, "Basi kama ni lazima uende, mtu yeyote utakayekaa kwake mwambie unatoka msibani. Achague mwenyewe." Nikaitikia. Kuitikia si kazi.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana karibu na stendi, duka limejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Alinipa kiti, akaniita madam, akaikagua laptop akasema, "Hii betri imevimba, madam, na huku kunakoingilia chaji kumeungua." Akachukua chaja yake mwenyewe ajaribu, ikatoa cheche na harufu ya plastiki, ikafa. Alicheka tu, akasema poa, ilikuwa ya zamani. Aliniambia anaweza kuitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine, ila kifaa chake cha kusomea kiko Arusha na kitarudi Jumatatu. Jumatatu! Nikashukuru, nikafunga kanga yangu. Kuhusu msiba sikusema neno.

Wa pili alikuwa mtaa wa Bagara, mtu mzima, mpole, na kwa lafudhi yake nilijua ni wa kwetu. Mkewe alinikaribisha chai nikanywa, mtoto wao mdogo akaja akaegemea goti langu. Fundi akatafuta betri ya kufanana na ile katika maboksi yake yote, akakosa. Akasema labda iagizwe Dar, wiki mbili. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, tena kwa mtu ambaye angeelewa mara moja. Nikamaliza chai nikaaga. Kwa nini sikusema? Niliona aibu, mwalimu mzima, kutaja mambo ya kina bibi. Na ndani kabisa, niamini, niliogopa akijua asingeigusa laptop yangu.

Ilipofika kama saa kumi alasiri umeme ukakatika mji mzima. Nilijua umekatika kwa sababu muziki wa maduka ulizima wote kwa pamoja. Nikaanza kutembea kuelekea Nangara bila mpango wowote, nikiwa nimekata tamaa, mlima Kwaraa mbele yangu umefunikwa na wingu na mvua ikionekana inakuja. Nilikuwa nikilia kidogo, sitaki kukuficha. Nikapita kwenye mashine ya kusaga, iko kimya, akina mama wamekaa juu ya madebe yao wanasubiri umeme urudi. Ubavuni mwa mashine kuna kibanda cha mabati, mlango wazi, na juu yake maandishi ya rangi yaliyofifia: FUNDI LAPTOP NA REDIO. Nimepita njia ile mara nyingi. Sikumbuki kukiona.

Ndani kulikuwa na mwanamume wa miaka thelathini na kitu, sweta la kahawia lililofungwa mpaka shingoni, amekaa nyuma ya meza. Hakuinuka. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Pole na msiba, Mama Eliwaza."

Nikamwambia amenifananisha, mimi ni Mama Naomi. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi, akanyoosha mikono apokee laptop. Nilidhani labda alikuwepo mazishini Bonga, watu walikuwa wengi, majina yanachanganyika. Nikamsimulia shida yangu. Aliifungua kanga taratibu, akaitoa betri, akaishika kwa mikono miwili kama mama anavyoshika yai la kuku anayetaka kuatamia. Akakaa nayo hivyo kwa muda mrefu. Kisha akachukua kile chuma chao cha moto cha kuunganishia nyaya, akagusa sehemu mbili tatu mwisho wa betri, moshi mwembamba ukapanda, harufu ya risasi iliyoyeyuka ikajaa kibandani. Nilikaa namtazama na moyo wangu ukatulia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, ule utulivu. Sikuwa nimetulia namna ile tangu baba aanze kuumwa.

Akaniuliza bila kuinua macho, "Wale wawili uliwaambia kwamba unatoka msibani?"

Sikuwa nimemtajia fundi yeyote mwingine. Lakini Babati ni mji mdogo, nikajiambia, mafundi wanapigiana simu. Nikajibu hapana.

"Mmoja ana mtoto mdogo," akasema.

Nikasema namwona bado mtoto yule kwenye goti langu. Nikasema nitarudi niwaambie. Nikaona haya, nikamwambia basi hata yeye anisamehe, nimeingia kwake nimekaa kwenye benchi lake bila kusema kwanza.

"Mimi usinihofie," akanijibu. "Msiba wako hauwezi kunifanya kitu."

Nilimchukulia ni mlokole. Kuna walokole wanaosema hivyo, kwamba mila haziwapati. Akakata kipande cha utepe mweupe, ule wa karatasi ambao mafundi huandikia majina ya wateja, akakibandika juu ya betri, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: MAMA ELIWAZA. Sikutaka kumsahihisha mara ya pili. Kama mwalimu niliona tu kwamba E yake ina vistari viwili badala ya vitatu, cha kati hakipo. Akairudisha betri mahali pake, akaifunga laptop, akaniambia nisiiwashe njiani. Niiwashe nikiwa nimekaa na mama. Itakaa mpaka nimalize kusoma, haitazidi hapo.

Nikacheka. Nikamwambia ndugu yangu, mimi nafundisha fizikia, hii ina asilimia tatu na betri haijui kusoma. Naye akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema hayo hata yeye alikuwa akiyasema. Nilipofungua pochi akatikisa kichwa. Nilipofika mlangoni nikageuka kushukuru tena, alikuwa ameshainama, anapanga vipande vya nyaya mezani kimoja kimoja.

Nilifika Bonga kwa bajaji, mvua ya kwanza ikinyesha juu ya turubai. Haikuwa hata saa moja jioni. Mama alikuwa chumbani kwake na taa ya sola. Nikakaa kitandani, laptop magotini, nikaomba kimoyomoyo, nikaiwasha. Asilimia tatu. Faili likafunguka.

Nitakupa kidogo tu ya barua ile, nyingine ni yangu. Ilianza hivi: "Mwanangu, nimejifunza kuandika kwa mashine ili mkono wangu usionekane unavyotetemeka." Halafu baba akaandika: "Alikuwa msichana. Nilimpa jina Eliwaza, kwa sababu sikuweza kumzika bila jina."

Nikarudi nikasoma jina lile mara ya pili. Mama akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamsomea tena kwa sauti. Mama alijua kwamba alikuwa msichana, ila alisema hakuthubutu kuniambia kwa kuwa sikuwahi kuuliza, na jina wala mahali alipozikwa baba hakuwahi kumwambia hata yeye. Nikaendelea: "Sikumpeleka mbali. Nimemzika upande wa pili wa ukuta wa ghala, hapohapo ulipokuwa umelaza kichwa, ili kati yako na yeye kusiwe na kitu zaidi ya udongo. Asubuhi ile nilitaka kukwambia, nikakuta umegeukia ukutani. Nikasema nitakwambia kesho. Nilipaswa kukulaza ndani ya nyumba yangu. Nisamehe."

Unajua baba alikuwa akikaa wapi kila jioni, miaka yote ile? Juu ya mawe ya msingi wa lile ghala, na kiredio chake. Tulikuwa tukimtania kwamba anakamata mawimbi. Nililia mpaka mama akaacha kunibembeleza akaanza kulia mwenyewe. Nilimsamehe palepale, na nikaumia kwamba hayuko asikie. Nilikuwa nimembebea ile siku ya nne miaka ishirini na miwili, kumbe naye alikuwa akienda kukaa nayo kila jioni.

Barua nzima ilikuwa kurasa mbili. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu polepole, mama akinisimamisha kila sentensi. Mvua ilianza kubwa, ikapungua, ikaacha. Nilikuwa natupia jicho kwenye kona ya kioo kama mwanafunzi anayeangalia saa ya mtihani. Tatu. Tatu. Tatu. Mwisho mama akasema, "Nisomee tena jina lake." Nikasoma, Eliwaza. Kioo kikazima. Sijawahi kukiona kikiwaka tena mpaka leo.

Nilipolala ndipo kitu kikanijia. Ule mji haukuwa na umeme. Mashine ya kusaga ilikuwa kimya, akina mama wamekaa kwenye madebe. Kile chuma cha fundi kilipata moto wapi?

Ijumaa nilimwambia Yohane kila kitu, tukiwa tumesimama kwenye yale mawe. Aliinama akagusa jiwe moja. Kisha akasema, "Dada, kumbe nilikuwa na mpwa." Jumamosi trekta lilipofika, Yohane alitembea mbele yake kwa miguu na kulizungusha mbali, na mwenye trekta aliyeanza kunung'unika alipoambiwa sababu akavua kofia. Mawe yako palepale. Tumepanda maua pembeni, na mchungaji alikuja akaomba.

Jumatatu nilirudi mjini kutimiza ahadi. Kijana wa stendi alicheka tena, akasema chaja ni chaja. Yule wa Bagara hakucheka. Aliweka chini alichokuwa ameshika, akamwita mkewe, wakaniuliza ilikuwa siku gani. Mtoto wao alikuwa na homa tangu Ijumaa. Ni malaria, hospitali walishapima na alishapata dawa, na alipona wiki ileile, mshukuru Mungu pamoja nami. Mimi ni mtu wa sayansi, malaria haitoki msibani. Lakini yule baba aliniambia kitu kimoja kwa upole ambacho bado kinaniuma: ningemwambia, angenipokea vilevile, ila mtoto angempeleka kwa jirani. Nilimnyima kuchagua.

Kisha nikaenda Nangara na kilo mbili za maharage kumshukuru fundi wangu. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Kibanda kilikuwa palepale, kimefungwa kwa kufuli lililokula kutu, na buibui wamejenga mlangoni kutoka juu hadi chini. Nilisimama hapo na maharage yangu. Mama mmoja anayesaga pale akanisogelea, nikamwamkia, nikamuuliza fundi yuko wapi. Akaniambia, "Fundi gani, mama? Yule alikufa. Mwaka juzi, mvua zinaanza." Akanielekeza nyumba ya nyuma, kwa mama yake.

Mama wa fundi alinikaribisha. Safari hii nilisema mlangoni, kabla sijavuka kizingiti, kwamba nimezika baba majuzi. Akanipa pole, akasema niingie. Nilitoa betri kwenye mkoba, nikamwonyesha ule utepe bila kusema kitu. Aliushika muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile E. Akaniambia mwanawe alichapwa sana darasa la kwanza kwa kuruka kistari cha kati, na hakukoma. Halafu akaniuliza baba yangu alikuwa nani. Nilipomtajia mwalimu wa Bonga mwenye laptop kubwa ndani ya kanga, akafunika mdomo. Alisema mzee huyo alikuwa haishi kuja. Mwanawe ndiye aliyemfundisha kuandika kwa mashine. Kuna barua moja walihangaika nayo miezi, mzee anaandika mstari anafuta, na jioni mwanawe akirudi hali chakula, anasema kazi ya mwalimu yule haijaisha na betri yake haitamngoja.

Basi ndiyo hivyo. Barua iliisha, fundi akafa, na baba akakaa na barua yake zaidi ya mwaka akiogopa kunipa. Mimi nami nilikuwa nikienda Bonga kila mwezi, nakula ugali mezani kwake, naogopa kuuliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi kilituumbua sote.

Laptop iko juu ya kabati langu, betri nimeitoa na kuihifadhi mbali kwenye kopo la bati, maana iliyovimba ni hatari na hilo nalo ni somo. Utepe haujabanduka. Nikienda Bonga jioni nakaa juu ya yale mawe. Mama hunitokea mlangoni na kuniita chakula, na tangu siku ile haniiti Mama Naomi tena. Ananiita Mama Eliwaza, na Naomi mwenyewe anasema ni sawa, dada yake ndiye mkubwa.

Nawe unayenisikiliza, ukitoka katika nyumba yenye msiba, kabla hujapokea kiti cha mtu wala chai yake, sema. Usione haya kama mimi. Mwache mwenyeji achague. Maana ukiwaficha walio hai, utazunguka mji mzima usipate wa kukusaidia, mpaka uangukie kwa yule ambaye msiba wako hauwezi kumfanya kitu. Mimi nilimpata mwema. Wako simjui.